Sehemu ya Pili Ilikuwa Mbovu, Nikaijazia Siri Yangu

Siri niliyoitunza miaka saba ilitoka siku ya soko, saa tisa mchana, kupitia mdomo wa mzungu aliyevaa barakoa ya chuma.

Mzungu mwenyewe hakusema. Niliyesema ni mimi.

Na wala sikumnong'oneza mtu. Nilisema kwenye maiki, maiki imeunganishwa na spika la honi, na spika limefungwa juu ya nguzo likiangalia sokoni. Sirari nzima ilisikia. Nadhani hata waliokuwa wanagonga muhuri ng'ambo ya mpaka, Isebania ya Kenya, walisikia.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nawajua, mtasema natunga.

Mimi naitwa Oyoo. Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Simaanishi kuandika maneno chini ya skrini. Unakaa pembeni na maiki, mzungu anaongea na wewe unamwongelea. Akilia, unalia. Akitukana, unatukana kidogo tu, maana nje kuna akina mama wanauza nyanya. Wenzangu wa mijini wanarekodi na kuuza kwenye flashi. Mimi nafanya hapo hapo, laivu, kwenye banda la video la jamaa yangu Daudi, nyuma ya maegesho ya malori.

Nilikuwa na jina, bwana. Watu walikuwa wanavuka kutoka Kenya kuja kumsikiliza DJ Oyoo.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo tulionyesha filamu ya supahiro mmoja, wale wanaotoka kwenye vitabu vya katuni. Steringi, yaani mhusika mkuu, ana masikio ya ajabu. Mtu akilia mji wa tatu, yeye anasikia, anaruka kwenda kumwokoa. Nikambatiza jina, Jemedari Masikio. Akamtoa dada mmoja kwenye moto, wakapendana taratibu, ukiona kabisa wanavyopendana, na mwisho wakaagana darajani mvua inanyesha. Banda zima lililia. Daudi naye alilia, akasingizia vumbi.

Sasa sehemu ya pili ilipotoka, tuliitangaza wiki nzima. Siku yenyewe benchi zilijaa mpaka watu wakakaa chini.

Kosa langu, sikuiangalia kwanza. Flashi ilifika saa nane. Nikajisemea mimi mzoefu, nitaikamata hewani.

Wadau, ilikuwa takataka.

Nusu saa nzima ngumi tu. Maghorofa yanaanguka, magari yanalipuka, adui katokea hatujui wapi. Halafu ghafla tunamwona yule dada wa darajani. Yuko shamba, kwenye nyumba ya mbao, anaishi na bibi mzee. Mezani kuna mtoto wa kike wa kama miaka saba, anakula.

Steringi anaingia. Anawaangalia. Dada anasema maneno matatu, "Hukupaswa kuja hapa." Bibi hasemi kitu. Steringi anaruka dirishani, tunarudi kwenye ngumi.

Basi, ndiyo hivyo. Bibi ni nani yake? Mtoto wa nani? Hawa waliolia darajani hawana hata salamu? Aliyeandika hiyo filamu sijui alichoka, sijui alifukuzwa kazi katikati.

"DJ, umeruka!" sauti ikatoka nyuma.

Hapa muelewe kitu. Kwa wateja wetu, filamu haiwezi kuwa mbovu. Mzungu katumia mamilioni, atakoseaje? Ikikosa kueleweka, mwenye kosa ni DJ.

"Sijaruka, wadau," nikasema. "Ndivyo ilivyo."

"Rudisha nyuma!"

Daudi akarudisha. Tukaangalia tena. Maneno yale yale matatu, na bibi yule yule kimya.

Dereva mmoja wa lori akapanda juu ya benchi. "Wewe kijana, unatuficha! Huyo mtoto ni wa nani? Tumesubiri miaka miwili, uje utuambie hukupaswa kuja hapa?"

Banda likapokea. "Mtoto wa nani! Mtoto wa nani!" Benchi la nyuma likavunjika, nikasikia mbao zikilia. Mtu akashika waya wa skrini. Daudi alikuwa ananiangalia jasho linamtoka, maana skrini ikianguka na banda limekwisha.

Nikashika maiki kwa mikono miwili. "Tulieni! Daudi, rudisha tena. Safari hii natafsiri yote."

Wakakaa.

Picha ikarudi. Nyumba ya shamba, mwanamke kijana, bibi, na mtoto wa kike wa miaka saba. Hiyo nyumba naijua.

Haikuwa Ulaya. Ilikuwa Nyamwaga.

Miaka minane kabla ya siku hiyo nilikuwa naonyesha filamu kijijini Nyamwaga. Nikampenda dada mmoja anaitwa Winfrida. Alikuwa mke wa Mama Nyangi.

Ndiyo, mmesoma sawa. Kwa Wakurya kuna ndoa inaitwa nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Mwanaume anayeingia hapo anaingia na kutoka. Hana jina, hana dai.

Winfrida hakunidanganya hata kidogo. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Oyoo, ukiingia hapa unaingia kama mgeni. Mtoto ni wa Mama Nyangi." Mimi Mjaluo, kijana, damu inachemka, nikacheka, nikasema sawa.

Mtoto akazaliwa nikiwa nimeshahamia Sirari. Wakamwita Mokami. Kila siku ya soko wanakuja wote watatu kuuza ndizi, ng'ambo ya barabara, mkabala na banda letu. Nanunua ndizi, nampa mtoto biskuti. Ananiita Anko DJ. Dakika tano kila wiki, basi. Hakuna aliyejua, na nilikuwa naziishi hizo dakika tano, nasema ukweli wangu.

Sasa rudi bandani. Macho yote kwangu.

Nikamfungua mdomo Jemedari Masikio. "Mpenzi, nilisikia mtoto akizaliwa. Nilikuwa mbali, mwezi wa nne, mvua imekata barabara, lakini nilisikia."

Nikahamia sauti ya dada. "Na hukuja."

"Uliniambia nikiingia hapa naingia kama mgeni."

"Ndiyo. Ng'ombe walitoka kwa huyu mama. Mtoto ni wa nyumba yake."

Banda likalipuka. "Aaaah! Kumbe ni nyumba ntobhu! Wazungu nao wanayo!" Watu wanapigana mabega, wanacheka, wanapiga makofi. Dereva wa lori akashuka kwenye benchi, akakaa kama mtu aliyelipwa haki yake.

Hayo makofi ndiyo yaliyoniponza. Nilishawapoza, ningeishia pale. Lakini miaka saba ilikuwa imenijaa kifuani, na kwa mara ya kwanza kuna watu walikuwa wanataka kuisikia.

Nikaendelea.

"Mtoto wangu anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, kama mimi. Kwetu angeitwa Akech, jina la marehemu mama yangu. Nampa biskuti ananiita anko, na mimi nameza. Nimechoka kumeza. Mimi ndiye baba yake, Mama Nyangi! Mimi ndiye baba yake!"

Jina likatoka hivyo hivyo, zima. Nikalisikia nje kwenye spika, likigonga mabati ya soko na kunirudia.

Hakuna aliyepiga makofi.

Nikageuka kwenye skrini. Steringi alishaondoka zamani. Kulikuwa na daraja linaungua, na mimi ndiye peke yangu niliyekuwa bado naongea.

Pazia la mlangoni likavutwa. Mwanga ukaingia, na ndani ya huo mwanga kasimama Mama Nyangi, kisu cha kukatia ndizi mkono mmoja, na mkono mwingine kamshika Mokami.

"Shikamoo mama," nikasema. Kwenye maiki. Spika la nje nalo likamwamkia.

Hakuitikia. Alinitazama mpaka nikashusha macho.

"Kesho saa nne uko kwangu," akasema. "Wazee watakuwepo. Hiyo maneno utakuja sema bila mashine."

Kimenuka.

Daudi alinivuta nyuma ya banda. Yeye ni Mkurya, akanieleza kwa kifupi. Marehemu mume wa Mama Nyangi aliacha mdogo wake, Nashoni. Huyo Nashoni hakuipenda hiyo ndoa tangu mwanzo, kwa sababu bila hiyo ndoa, shamba lingekuwa lake. Sasa mwanaume akijitokeza kudai mtoto, makubaliano yamevunjika. Nashoni atataka Winfrida arudi kwao na ng'ombe warudi. "Na mtoto anabaki na ukoo," Daudi akasema. "Wewe Nyamwaga hutakanyaga tena. Wala hata sokoni hutaletewa. Umeelewa ulichofanya?"

Nilielewa. Nilikuwa na dakika tano kwa wiki, na nilikuwa nimezitupa kwa sababu ya filamu mbovu.

Shangazi yangu Dorka, anayeishi Isebania, akanipigia. Habari ilishavuka mpaka kabla yangu.

"Nyathina, mwanangu, wachana na hao watu. Vuka huku sasa hivi, kuna kazi kwa duka. Si lazima uende, kwani umeshikwa na polisi?"

Nilifungasha begi. Nilifika mpaka pale mpakani, nikasimama kwenye foleni. Mbele yangu walibaki watu wawili.

Nikawaza, nikivuka, kesho saa nne maneno yangu yatakaa pale uani bila mwenyewe, na atakayeyajibu ni Winfrida. Nikatoka kwenye foleni. Sio kwamba mimi ni shujaa, begi lenyewe sikulifungua usiku ule.

Kesho yake saa nne kamili nilikuwa Nyamwaga.

Uani kulikuwa na viti vitano. Wazee watatu, Nashoni, na Mama Nyangi. Winfrida kakaa chini kwenye mkeka, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mokami nilimwona mlango wa jikoni, anachungulia.

Sikupewa kiti.

Nashoni hakupoteza muda. "Soko zima limesikia. Mtoto ana baba, tena baba mwenye spika. Mimi naomba wazee tumalize hii nyumba leo."

Mzee mmoja akamgeukia Mama Nyangi. "Unasemaje, mama?"

"Mimi nina swali kwa kijana," akasema. Akanigeukia. "Umesema wewe ni baba. Mokami alilazwa mwaka jana wiki mbili. Alilazwa na nini?"

Sikujua kama alilazwa.

"Anasoma darasa la ngapi?"

Hilo nalo sikulijua.

"Akiamka na ndoto mbaya, anamwita nani?"

Jamani. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, hata mzungu akikohoa nina cha kusema. Nilisimama pale kama maiki imezimwa. Niliilaani ile filamu siku nzima kwamba imeleta watu wasio na uhusiano, kumbe hata mimi nilikuwa na biskuti tu.

Nashoni akacheka. "Hajui mtoto, lakini baba ni baba. Damu ni damu. Wazee, tumalize."

Hapo Winfrida akainua kichwa.

"Sio wake," akasema.

Kuku wawili walipita katikati yetu, hakuna aliyewafukuza.

"Huyu alipokuja Nyamwaga na hizo filamu zake, mimi nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Mwenyewe ni mwingine, na huyo alishika makubaliano, hajawahi kufungua mdomo. Huyu alihesabu mwenyewe huko Sirari, akajipa mtoto. Hakuwahi kuniuliza."

Wadau, nilimtafuta macho, hakunipa. Na kweli sikuwahi kumuuliza. Niliona mtoto, nikaona mkono wa kushoto, nikamalizia mwenyewe, kama ninavyomalizia filamu.

"Wewe," Nashoni akanigeukia kwa hasira, maana aliona shamba linamponyoka. "Kweli au si kweli? Sema, mtoto ni wako au sio wako?"

Wazee wote wananiangalia. Mlango wa jikoni nao unaniangalia.

"Sio wangu," nikasema. "Filamu ilikuwa mbovu, watu wakataka kuvunja banda. Nikajazia. Jina la mama limenitoka tu kwa sababu nawaona pale sokoni kila wiki."

Mzee wa kwanza alianza kucheka polepole, mabega yakitikisika. Wa pili akafuata. "Kwa hiyo huyu mjinga ametuita hapa kwa sababu ya mzungu wa kwenye video?" Wakacheka mpaka mmoja akafuta macho.

Nikapigwa faini ya mbuzi, kwa kumdhalilisha mama wa watu hadharani. Nashoni alishaondoka bila kuaga.

Nilitoka pale sioni njia. Nilikuwa nimeenda na mtoto, narudi bila hata wa kumdhania.

Nilipofika karibu na barabara nikasikia, "Subiri."

Mama Nyangi. Kanifuata kwa miguu, anahema. Akasimama mbali kidogo, kama mtu anayesubiri gari, hanitazami.

"Winfrida amedanganya," akasema. "Mimi ndiye nimemwambia adanganye."

"Adanganye nini?" nikauliza.

"Ni wako. Huo mkono wa kushoto unafikiri tumenunua sokoni? Mimi nilijua tangu anaanza kushika kijiko cha uji."

Nikaanza kulia pale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu.

"Nyamaza, watu watakuona. Sikiliza mimi. Ukiwa baba, mila inanifunga mikono, siwezi kukufungulia mlango. Nashoni anachukua kila kitu na mtoto analelewa na wake zake. Lakini ukiwa mjinga wa filamu, nani atakukataza kuja? Ulishakataa mbele ya wazee na wamecheka. Hawatauliza tena."

"Mama, yaani niwe namkana maisha yangu yote?"

"Umemwita mtoto wako mbele ya soko, na hujui alilazwa na nini. Chagua. Unataka jina au unataka mtoto?"

Gari lilikuwa linakuja. Akalipungia lisimame kwa ajili yangu.

"Mbuzi wa faini," akasema, "usilete mkubwa. Lete mdogo, anayehitaji kuangaliwa. Utakuwa unakuja kumwangalia."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Yule mbuzi sasa ana wajukuu, na bado naenda kumwangalia kila Jumapili. Mokami alilazwa na nimonia. Yuko darasa la tano. Akiota vibaya anamwita bibi yake, sio mama yake, na bibi anaamka haraka kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa nje, namsaidia hesabu. Mama Nyangi alikuwa pembeni anachambua maharage. Mokami akaacha kuandika, penseli mkono wa kushoto.

"Anko, shuleni wanasema siku ile kwenye spika ulisema wewe ni baba yangu. Ni kweli?"

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo.

Nimewapa maneno wazungu, Wachina, maroboti, mpaka mbwa. Hilo jibu lilikuwa fupi kuliko yote, na ndilo gumu kuliko yote niliyowahi kusema.

"Hapana, mama. Mimi ni anko wako tu."

Akanitazama. Sijui alichokiona. Kisha akasogea, akanilalia begani, akaendelea na hesabu yake bila kuuliza tena.

Mama Nyangi alirudi kwenye maharage. Aliniandalia chakula siku hiyo na kunipa kiti cha marehemu mume wake, ambacho wageni hawakalii.

Majina yote humu nimebadilisha, langu likiwemo, na kijiji nimekisogeza. Hata yule steringi hakuwa na masikio, alikuwa na kitu kingine. Usianze kutafuta.

Ninachotaka ubaki nacho ni hiki. Kama kuna mtu unajihesabia kuwa ni wako, mtoto, mzazi, ndugu, kaa chini ujiulize unamjua kiasi gani. Usisubiri siku ya kutangaza. Nenda Jumapili hii, umsaidie hesabu, hata kama hutaitwa jina unalolitaka. Mimi siitwi, na naenda.